Samaki wa Tanga na swali nililolicheka

Najua nimepotea tangu niende BTP, na kuna wengine mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa huko Tunduma. Sijaolewa jamani. Nimerudi Iringa wiki tatu zilizopita, bumu limeingia na limeshatoka, na baridi ni ile ile. Kuna jambo nilitaka kuliandika ila kila nikianza naona aibu. Leo nimekaa kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba tangu saa nne asubuhi, nimejisemea moyoni liwalo na liwe.

Jambo lenyewe linahusu samaki. Msicheke.

Mnaonifahamu mnajua nasoma ualimu, Biolojia na Jiografia, mwaka wa pili. BTP nilipangiwa shule moja ya kata nje kidogo ya mji wa Tunduma, kwa hiyo nikawa nalala nyumbani kwa mama na asubuhi napanda bodaboda. Jina la shule silitaji. Walimu walinipokea vizuri na kosa ninaloandika hapa ni langu mwenyewe. Nikapewa kidato cha nne, watoto tisini na kitu kwenye chumba kimoja, mada ya mageuzi ya viumbe. Kwa wasioijua Tunduma, ni pale barabara ya kutoka Dar inapoishia baada ya kilomita zaidi ya 900. Ukivuka tu, uko Nakonde, Zambia. Malori yanapanga foleni ndefu, kwacha na shilingi zinabadilishwa barabarani, na mtu anaweza kulala nchi moja akaamkia kazini nchi nyingine bila kuona ajabu.

Siku hiyo nilitaka kuwapa watoto mfano ambao hawatausahau, nikachagua silikanti. Huyu ni samaki mkubwa wa bahari ya kina kirefu, mapezi yake mazito kama vimikono. Mabaki ya jamii yake kwenye mawe yana umri wa hadi miaka milioni 400, na wataalamu walishahitimisha kwamba alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Halafu Desemba 1938 wavuvi wa Afrika Kusini wakamtoa mmoja akiwa mzima mzima. Marjorie Courtenay-Latimer, dada aliyekuwa anafanya kazi kwenye makumbusho ya mji mdogo wa East London, akamwona kwenye rundo la samaki na akagoma kumwacha atupwe. Ndiyo maana jina lake la kisayansi linaanza na Latimeria. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952, ikaonekana kumbe huko ndiko kwao. Wavuvi wa Komoro wala hawakushangaa, walikuwa na jina lao la kumwita, gombessa, na wamemjua siku zote.

Mpaka hapo nilikuwa niko sawa, darasa kimya, wananitazama. Tatizo ni desa. Nilikuwa na desa la zamani la kaka mmoja aliyemaliza, limepigwa fotokopi mpaka herufi zimekuwa kama siafu, na desa lilisema silikanti wanaoonekana pwani ya bara la Afrika ni wapotevu tu, wamesukumwa na mkondo wa maji kutoka Komoro. Nikaandika ubaoni kama lilivyo. Nikaongeza kwa mdomo, kwa kujifanya najua, kwamba hata Tanga wamevuliwa wengi.

Mkono ukanyooka dawati la mwisho. Kijana mmoja mrefu, mkimya, ambaye mara nyingi anafika amechelewa na viatu vimejaa vumbi. Akasimama.

"Madam, umesema Tanga wamevuliwa wengi. Sasa tunajuaje kama wamepotea?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka katikati ya darasa: "Muulizeni yeye, si na yeye kapotea kutoka Nakonde!"

Darasa zima likaangua kicheko. Wenzake wanamwita Mzambia. Mama yake anaishi upande wa pili, yeye siku za shule anakaa huku kwa shangazi yake, mwishoni mwa wiki anavuka.

Na mimi nikacheka. Kidogo tu, kile kicheko cha kujifuta uso ili kisionekane, lakini kijana alikuwa ananiangalia mimi, hakuwa anawaangalia wenzake. Halafu nikasema maneno ambayo mimi mwenyewe nikiwa kidato cha nne niliyachukia kuliko yote: "Hilo haliji kwenye mtihani. Kaa chini tuendelee." Akakaa.

Sasa bwana, nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki alikuwa amekaa msimamizi wangu, siku yake ya kunikagua ilikuwa hiyo hiyo. Baadaye nikaletewa fomu. Alama nzuri kuliko zote nilizopata BTP nzima, na pembeni kaandika kwamba namudu darasa. Nikafurahi. Siwadanganyi, nilifurahi, nikanunua na soda.

Ningesahau kabisa kama si mwenzangu wa chumbani. Ni mtu wa Tanga, na wale mnawajua, maneno matamu hata anapokusema. Juzi usiku umeme umekatika, nikawa namsimulia visa vya BTP, nikafika kwenye silikanti. Akanyamaza kwanza.

"Shoga, umewaambia watoto wa watu silikanti wa kwetu wamepotea njia?"

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akaniambia mjomba wake alishamnasa mmoja kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu, na kwamba pale kwao wavuvi wamewapata mara nyingi mpaka si habari tena. Wala hawamtaki, maana nyama yake ina mafuta mabaya, ukiila tumbo linakuendesha. "Mara moja sawa, kapotea," akasema. "Sasa kila siku anapotelea hapo hapo? Huyo si kwao?"

Yaani swali lile lile la yule kijana. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikaenda chumba cha kompyuta, nikakaa mpaka mlinzi ananiuliza kama sina nyumbani. Nawapa kwa kifupi niliyoyakuta, na wa Biolojia mnisamehe nikirahisisha.

Desa langu halikutunga. Zamani ndivyo wataalamu wengi walivyoamini. Mmoja Afrika Kusini 1938, mmoja Msumbiji 1991, mmoja Madagaska 1995, mmoja Kenya 2001. Kwa idadi hiyo nani angewalaumu kwa kudhani ni wapotevu wa Komoro? Ila mwaka 2000 wapiga mbizi wakawakuta wakiishi kwenye mabonde ya chini ya bahari kule Sodwana, Afrika Kusini. Septemba 2003 mmoja akanaswa Songo Mnara, Kilwa. Kuanzia 2004 Tanga ikaanza kutoa mmoja baada ya mwingine. Baadaye kamera zilizoshushwa kwenye pwani yetu zikawaona tisa wakiwa hai. Tisa, wazima, wanaogelea zao.

Sasa hapo ndipo swali la kijana linakuwa swali la maabara. Ukiwa na samaki wa Tanga mkononi, utajuaje kama ni wa hapo au ni mgeni? Kwa macho huwezi, wanafanana. Mwaka 2011 yalichapishwa majibu ya kikundi cha watafiti Wajapani, akina Masato Nikaido na Norihiro Okada, pamoja na wa kwetu: Semvua Mzighani, Yohana Budeba na Benjamin Ngatunga. Walichukua silikanti 21 wa Tanzania na wawili wa Komoro, wakasoma DNA yao ya mitokondria yote, kisha wakawalinganisha na taarifa za wengine wa Komoro, Afrika Kusini, Kenya, Msumbiji na Madagaska.

DNA ya mitokondria ina herufi elfu kumi na sita na ushee, na mtoto anaipata kwa mama peke yake, baba hachangii kitu. Nilipokuwa naisoma nikawaza majina ya kwetu. Sisi Wanyamwanga ukoo unakwenda kwa baba, na jina linakuonyesha hata jinsia: mwanaume linaanza na Si, mwanamke linaanza na Na. Kaka akiwa Simukonda, dada ni Namukonda. Na majina hayo hayo utayakuta Tunduma na utayakuta Nakonde. Sasa fikiria jina linalopita kwa akina mama tu, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti, na kila baada ya vizazi vingi sana karani anakosea herufi moja. Kosa likishaingia linarithiwa. Ukikusanya majina ya leo ukalinganisha makosa, utajua nani wana bibi mmoja wa karibuni, na nani bibi yao wa pamoja alikufa zamani mno. (Laiti ningewafundisha hivi siku ile! Nilikuwa na darasa limejaa akina Si na Na, mimi nikachora duara ubaoni nikasema hii ni seli.)

Kama wa Tanga wangekuwa wapotevu wa Komoro, makosa yao ya herufi yangekuwa yale yale ya Komoro, yamechanganyika hovyo. Haikuwa hivyo. Silikanti wa kusini mwa Tanzania na wale wa Komoro hawakuonyesha tofauti ya maana, hao ni kama ukoo mmoja. Lakini wa Tanga walijitenga. Watafiti wakakadiria kwamba matawi hayo yameachana angalau miaka 200,000 iliyopita. Kwa hiyo Tanga kuna jamii yake, inazaana pale pale. Kijana wa dawati la mwisho alikuwa ameshafika huko kwa akili yake tu, bila maabara, na mimi mwenye chaki nikamkalisha.

Kinachonishangaza ni kwamba baharini hakuna ukuta kati ya Kilwa na Tanga. Kuna mkondo. Maji ya bahari kuu yanakuja kutoka mashariki, yakigonga pwani ya kusini yanageuka, na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Watafiti wanahisi huo ndio unaozuia wa Tanga wasishuke kuchanganyika na wa kusini. Halafu kuna suala la uzazi. Samaki kama kolekole wanamwaga mayai yanaelea, mkondo unayabeba mbali, watoto wanakulia kwa watu wengine kabisa. Silikanti hatagi. Anabeba mimba na kuzaa watoto walioshakamilika. Yule wa Msumbiji wa 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Mtoto anazaliwa anajua kuogelea, na mchana watu wazima wanajificha mapangoni. Hakuna yai la kupeperushwa.

Sisi huku tuna mpaka uliochorwa kwenye karatasi na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, watu wenye jina moja wakaamka nusu yao wako upande ule. Mimi cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mkoa wa Mbeya. Mdogo wangu wa mwisho cha kwake kinasema Songwe, kwa sababu mkoa uligawanywa 2016. Tumezaliwa nyumba moja. Na bado mimi ndiye niliyecheka mtoto alipoambiwa kapotea kutoka Nakonde, mahali ambapo shangazi zangu wawili wameolewa.

Basi nikampigia mama. Mama anauza samaki sokoni: magege na kambale wa Rukwa, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kwa njia ya Sumbawanga. Nilijua atamfahamu shangazi wa yule kijana, maana sokoni wanajuana wote. Nikamweleza habari za silikanti. Akanikatiza.

"Mbona hilo jambo dogo. Mimi nikishika dagaa nakwambia huyu wa Kigoma, huyu wa Mwanza. Sihitaji Mjapani."

Nikamwambia mama, hao ni samaki wa aina tofauti kabisa, hawa ninaowasema ni aina moja na wanafanana. Hapo akaanza kusikiliza. Nikamwonjesha na la kapenta: wale kapenta wa Kariba wanaouzwa Nakonde asili yao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, walichukuliwa wakapandikizwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Mama akacheka sana. "Kwa hiyo miaka yote nabishana na wale wanawake wa ng'ambo kwamba dagaa wangu bora, kumbe nabishana na ndugu?"

Halafu nikamweleza kilichonipigisha simu. Nilitaka kumwandikia kijana barua. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Mwalimu anamwomba mwanafunzi samahani kwa barua. Watasema nini? Na wewe msichana, yeye mvulana, unajua watu wa huku."

Nikasema najua. Akasema basi iache wazi, isifungwe, ipite kwa shangazi yake ili aisome kwanza. Kisha akaongeza neno ambalo sikulitegemea: "Lakini ulicheka mbele ya watu. Sasa samahani unaipitisha uchochoroni?"

Wadau, hapo ndipo palikuwa pagumu. Barua kwa kijana ni jambo langu na yeye. Kumwandikia mwalimu wa somo pale shuleni, nikimwomba alisomee darasa kwamba nilifundisha vibaya, ni habari nyingine. Somo lile ndilo lenye alama nzuri kwenye fomu yangu. Likifika chuoni je? Mwenzangu wa chumbani akasema acha woga, wa tatu kwenye chumba chetu akasema wewe mjinga, alama umeshapata, unachokoza nyuki kwa nini? Siku mbili nimezunguka nazo. Nilifikiria mtihani wa taifa unaanza Novemba, nilifikiria wale tisini wana neno "wapotevu" kwenye madaftari yao, kwa mwandiko wao, kwa sababu yangu.

Nikaandika zote mbili. Ya mwalimu nusu ukurasa: sentensi niliyoiandika ubaoni ifutwe, sahihi ni hii, na aliyeuliza swali aliuliza sahihi na mimi nilijibu vibaya. Ya kijana kurasa mbili, na mchoro wa pwani na mshale wa mkondo. Nikaandika kwamba sikutakiwa kucheka. Sikuzungusha. Kondakta wa basi la Tunduma akazipokea na kunitoza buku, akauliza ni barua za nini siku hizi watu wana simu. Nikamwambia za shule.

Wiki ikapita kimya. Kila simu ikilia nadhani ni ofisi ya mafunzo. Jumapili jioni mama akapiga.

Mwalimu wa somo aliisoma darasani. Kwa habari za shangazi, watoto walinyamaza, halafu yule aliyepiga kelele za Nakonde akaambiwa na wenzake na yeye aeleze jina la ukoo wake limetoka wapi, ikawa vurugu na vicheko mpaka kengele ikagonga. Kijana mwenyewe hakusema kitu darasani. Ila alimpitia mama sokoni akitoka shule, akasalimia vizuri kwa Kinyamwanga, akanunua dagaa wa mia tano, halafu akasema ana ujumbe wa madam.

"Anasema asante kwa barua," mama akaniambia, "na anauliza: kama wa Tanga wako peke yao miaka yote hiyo, na ni wachache, wanaoana na nani? Si watakuwa wanaoana ndugu?"

Nilikaa kitandani nikaanza kucheka, safari hii kwa furaha.

Maana hilo ndilo lenyewe. Tangu jana naandika jibu. Nimemweleza kwamba DNA ya silikanti inatofautiana kidogo sana kutoka mmoja hadi mwingine, ikilinganishwa na samaki wengi. Nimemweleza utafiti uliochapishwa 2021, wa Wafaransa waliohesabu alama kwenye magamba ya silikanti waliovuliwa Komoro, wakaona anaweza kuishi miaka 100 hivi, anaanza kuzaa akiwa kwenye miaka hamsini na kitu, na mimba inachukua kama miaka mitano. Kwa mwendo huo jarife likinasa jike mmoja mwenye mimba, pengo lake halizibwi kesho wala keshokutwa. Na kama wa Tanga ni wa kwao peke yao, wa Komoro hawaji kuziba. Wangekuwa wapotevu kweli mtu angesema watakuja wengine. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa 2009, miaka miwili kabla ya majibu ya DNA kuchapishwa, na nimemwandikia kwamba hapo kuna watu waliuliza swali kama lake mapema kuliko mimi.

Kuhusu ndugu kuoana nimejaza ukurasa mzima na bado sijaridhika nao. Nimemchorea miraba ya vinasaba, maana hiyo inakuja kwenye mtihani kweli.

Basi linaondoka alfajiri, inabidi nimalize usiku huu. Mwenzangu wa chumbani amesoma hadi hapa juu ya bega langu na anataka niongeze salamu zake kwenye barua. Kaniambia niandike hivi: mwambie sisi wa Tanga tunamsalimu, na akimaliza mtihani aje aone bahari.